MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Kisima cha Aniwa



Mwezi huu mazungumzo yetu ni juu ya maji. Kila mwenye nyumba anajua ya kuwa nyumba yaweza kulala bila kitoweo, tena yaweza kulala gizani bila taa, lakini haiwezi kulala bila maji. Tena mnajua ni nani ayafuatayo. Ni mama na binti zake, nao huondoka alfajiri na mitungi, hata pengine mtoto hufika shuleni somo la kwanza limekwisha. Kwa hiyo mtu apelekaye Injili katika nchi yenye shida ya maji hana budi kuiona shida hiyo kabla hajafungua kitabu. Nataka kuwaeleza jinsi ilivyotatuliwa zamani katika kisiwa kimoja kilicho mbali na sisi, kisha tutazame ni jambo gani la habari hiyo litufaalo katika vijiji vyetu.

KISIWA KISICHO NA MTO

Katika Bahari ya Pasifiki, mashariki ya Australia, viko visiwa vingi vilivyoitwa zamani New Hebrides. Tangu mwaka 1980 ni nchi yenye kujitawala, na jina lake ni Vanuatu. Upande wa kusini wa visiwa hivyo kiko kisiwa kidogo kiitwacho Aniwa. Urefu wake haupati maili 7, na upana wake ni kama maili 2. Hakina mlima mrefu wa kuzuia mawingu, wala hakina mto. Ardhi yake ni mawe ya matumbawe, yenye matundu kama sifongo, na mvua ikinyesha huzama mara moja wala haisimami juu. Masika yao huanza mwezi wa Novemba hata Aprili. Zikiisha mvua hizo, watu wa zamani walikunywa maji ya madafu na kutafuna miwa, na kuoga walioga baharini.

Palikuwa na mashimo mawili ya maji yaliyozungushiwa ua, nayo yalikuwa mikononi mwa watu waliodai kuwa na nguvu za kuleta mvua na kuizuia. Aliyetaka maji alipeleka zawadi kwao. Mvua ikija, sifa ilikuwa yao. Isipokuja, waliambiwa watu waongeze zawadi. Angalieni jambo hili, maana tutalirudia: maji ya Aniwa yalikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mwenyewe.

Mwezi wa Novemba mwaka 1866 alifika huko John Gibson Paton, mhubiri wa Kanisa la Presbiteri, pamoja na mkewe Margaret. Alizaliwa Scotland mwaka 1824. Hakuwa mgeni wa taabu. Mwaka 1858 alikuwa amekwenda kisiwa cha jirani, Tanna, na mwaka uliofuata mke wake wa kwanza na mtoto wao mchanga walikufa huko, akawazika mwenyewe. Mwaka 1862 ilimpasa kukimbia ili asiuawe. Wala hakuwa wa kwanza kupeleka Injili Aniwa. Walimtangulia waalimu wenyeji wa kisiwa cha Aneityum, ambacho kilikwisha ipokea Injili mbele yao, na mmoja wa waalimu hao aliuawa. Ndugu zangu waalimu, tukumbuke hilo kila tusomapo habari za wahubiri wa Ulaya. Mara nyingi nyuma ya jina moja lililoandikwa kitabuni yako majina ya waalimu wenyeji waliotangulia njia.

KAZI YA NDOANA

Paton alipoona shida ile aliazimu kuchimba kisima. Alichagua mahali karibu na njia ipitayo watu wote, ili kikipata maji kila apitaye ayapate. Kwanza alimwambia Namakei, jumbe mzee wa upande ule, kwamba atachimba shimo refu ili apate maji matamu chini ya nchi. Mzee yule alimpenda sana, na kwa hiyo alisikitika. Kwao mvua hutoka juu. Tangu babu zao hakuna aliyepata kuona mvua ikitoka chini. Alidhani ya kuwa rafiki yake ameanza kurukwa na akili, akawaweka watu wamwangalie asije akajidhuru.

Paton akashika sururu, jembe na ndoo, na shoka la kuvunjia mawe, na ngazi ya kushukia. Jua la kule ni kali, na peke yake hakuweza kuendelea mbali. Basi akatoa ndoana za kuvulia samaki, nzuri za Kizungu, ndoana moja kwa kila ndoo tatu za udongo zitakazotolewa. Vijana wakaja mbio na kugombania zamu. Shimo likafika futi 12 na kuzidi kidogo. Usiku mmoja upande mmoja wa shimo ukabomoka, na asubuhi wakakuta kazi yote imefukiwa.

Hapo Namakei alimfanyia maneno mazito. Alimwambia, ungalikuwa ndani usiku ungalizikwa, na manowari ya Malkia wa Uingereza ingalikuja kuuliza yuko wapi mtu wake. Nasi tungejibu kwamba alijichimbia shimo akaingia mwenyewe, na nani angetusadiki? Huu haukuwa ujinga hata kidogo. Mzee alifikiri kama mkubwa wa mji anavyopaswa kufikiri juu ya usalama wa watu wake. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekubali kushuka shimoni, hata kwa ndoana.

Paton alisimamisha miti miwili imara juu ya shimo, akafunga mti wa kupita katikati, akatundika kapi na kupitisha kamba yenye ndoo. Akashuka yeye mwenyewe kuchimba. Ndoo ikijaa alipiga kengele ndogo, na watu walio juu wakaivuta. Mkuu wa watu wa kamba alikuwa mwalimu mwenyeji. Siku baada ya siku mtu mmoja alikuwa chini, uhai wake u mikononi mwa mwalimu wake. Kamba ingaliachiliwa kwa uzembe wa dakika moja, habari ingalikwisha pale pale.

Kwa futi 30, udongo na matumbawe yakaanza kuwa na unyevu. Jioni ile Paton alimwambia Namakei kwamba huenda kesho Mungu atatupa maji. Lakini moyoni aliogopa, maana bahari ilikuwa karibu, na maji yatakayotoka yaweza kuwa ya chumvi. Asubuhi alishuka, akachimba kishimo chembamba katikati, futi 2 hivi. Maji yakapanda, yenye matope. Akaonja kwa mkono unaotetemeka. Yalikuwa matamu.

Hakupiga kelele. Alingoja matope yatulie, akajaza jagi akapanda nalo. Namakei alilitikisa aone kama litamwagika kweli. Akatia mkono, akaonja, akayashika kinywani kitambo kidogo kisha akameza. Ndipo alipopaza sauti kwamba hii ni mvua kweli. Watu wakashikana mikono mmoja nyuma ya mwenziwe, kama mnyororo, ili yule wa mbele achungulie shimoni asianguke. Kila mmoja akapata zamu yake ya kuchungulia.

KAZI YA MAWE

Hapa wahubiri wengi humaliza habari hii. Mimi naona kwamba sehemu ifuatayo ndiyo itufaayo kuliko zote.

Shimo lenye maji bado si kisima. Pasipo ukuta lingebomoka tena kama lilivyobomoka mara ya kwanza. Palihitajiwa mawe mengi ya matumbawe, nayo yalikuwa pwani. Wenyeji walikwenda pwani kwa vifijo, wanaume kwa wanawake na watoto, kila mtu akabeba jiwe kwa kadiri ya nguvu zake, wakayapandisha mpaka kisimani, nao wakamsaidia kujenga. Kazi ilipokwisha kisima kilikuwa na kina cha futi 34. Upana wake ulikuwa futi 8 juu na futi 6 chini. Wakakifunika kwa mbao, wakaweka gurudumu la kuzungushia kamba na ndoo.

Tazameni tofauti iliyopo. Walipochimba kwa ndoana, kazi ilikuwa ya Paton. Shimo lilipobomoka, hasara pia ilikuwa yake, nao wakaenda zao. Lakini walipobeba mawe, hawakufanya kwa ujira wa kumfurahisha mgeni. Walikwisha onja maji, wakajua kwamba ukuta ule ni wa watoto wao. Tangu jiwe la kwanza kisima kikawa cha Aniwa.

Vijiji vingine vya kisiwa vilijaribu kuchimba visima vyao, sita au saba, lakini vyote havikufaa. Kwingine walikuta mwamba, na kwingine maji ya chumvi. Leo twajua sababu. Katika nchi ya matumbawe mvua huzama mpaka ikutane na maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu yake kama mafuta yakaavyo juu ya maji, ijapokuwa hayo huchanganyika mahali yanapogusana. Mchimbaji akichimba karibu mno na bahari, au akizidi kwenda chini, huipita tabaka ile nyembamba na kuiingia chumvi. Wasomaji wetu wa Unguja na wa mwambao wanajua jambo hili, maana nako visima vingi vimo katika mawe ya namna ile ile, na kisima kikivutwa kupita kiasi maji yake hubadilika ladha.

HOTUBA YA NAMAKEI

Jumapili iliyofuata Namakei aliomba ruhusa ya kusema na watu. Sitayaandika maneno yake, ila maana yake ilikuwa hivi: tangu zamani hatukuamini kwamba yako maji chini ya miguu yetu, kwa sababu hatukuyaona. Yalikuwako hata hivyo. Palikuwa na udongo na mawe kati yetu na maji, na yameondolewa. Basi na Mungu, ambaye hatujamwona, yuko vile vile. Baada ya siku hiyo yeye na wengine wengi walileta sanamu zao, nyingine zikachomwa moto, nyingine zikazikwa, nyingine zikatupwa baharini. Tarehe 24 Oktoba mwaka 1869 watu 12 wa Aniwa walikaribia Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza.

Habari hii ni ya furaha, lakini mwalimu wa Injili akiichukua vibaya itampoteza. Asiseme moyoni, "Kumbe, nikipata kisima nitapata Wakristo." Kisima kile kilichimbwa kando ya njia. Aliyemsadiki Paton alikunywa, na aliyemdhihaki alikunywa pia. Namakei alisimama kusema bila kuombwa na mtu, wala hakuna aliyenyimwa ndoo kwa sababu hakuleta sanamu yake. Laiti Paton angaliweka kitabu cha majina kisimani, angalikuwa amefanya kazi ile ile ya wale wenye mashimo mawili, yaani kukalia mlango wa maji na kungoja zawadi.

Bwana wetu alipoketi kisimani Sikari, kama tusomavyo katika Yohana sura ya 4, hakumwuliza mama yule Msamaria dini yake kabla ya kuzungumza naye juu ya maji. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kupewa. Katika mji wenye Wakristo, Waislamu na wenye mila za mababu, kisima kilichojengwa kwa sadaka za Kanisa kiwe cha miji yote. Mtoto wa jirani asikae nyuma ya foleni kwa sababu ya jina lake.

VISIMA VYETU

Kazi ya namna hii haikukoma zamani zile. Katika nchi yetu ya Afrika Mashariki, huko Tuuru katika Meru, nchi ya Kenya, ndugu mmoja wa Shirika la Consolata, Giuseppe Argese kutoka Italia, alianza katika karne ya 20 kukusanya maji ya msitu wa milima ya Nyambene na kuyateremsha kwa mabomba mpaka nchi kavu ya chini. Kwanza yalitafutwa kwa ajili ya nyumba ya watoto walemavu, kisha yakawafikia watu wengi mno wa vijiji vya huko. Maji yale hutegemea msitu, ambao hunasa ukungu na umande. Mwenye shoka aweza kuukata mfereji huo bila kuligusa bomba hata moja.

Na hapa ndipo penye uchungu. Wengi wetu tumeona pampu ya mkono iliyosimama kimya kijijini. Siku ya kufunguliwa palikuwa na ngoma na hotuba, wageni wakapigwa picha. Baada ya miaka michache kikaharibika kipande kidogo cha mpira au fimbo ya ndani, na akina mama wakarudi mtoni kwenye maji ya ng'ombe. Ukiuliza, utaambiwa, "Tunawangoja wenyewe waje watengeneze." Wenyewe ni nani? Neno hilo lina hukumu ndani yake. Watu walipewa ndoana, wala hawakubeba mawe.

Katika kitabu cha Mwanzo sura ya 26 twasoma ya kuwa visima vya Ibrahimu vilifukiwa kwa udongo na Wafilisti, na Isaka alivichimba tena. Visima vyetu havihitaji Wafilisti. Uvivu na kutojali hufukia vilevile, pole pole zaidi.

Basi nawaomba ninyi waalimu na wazee wa usharika, kabla fundi hajaja na mtambo, waketisheni watu mjue mambo haya. Mahali pa kisima patachaguliwa na nani? Akina mama wawe wengi katika shauri hilo, maana ndio wabebaji. Kila nyumba italeta nini, mawe, mchanga, siku za kazi au fedha? Fedha za kutengenezea zitakusanywa kila mwezi na nani, na hesabu itasomwa wapi? Ni vijana gani wawili, mume na mke, watakaofundishwa kuifungua pampu na kuifunga? Katika Tanzania, Sheria ya mwaka 2019 ya huduma za maji imeweka vyombo vya jamii vya kusimamia maji vijijini, na usharika usijitenge navyo. Tena sanduku la fedha lisikae kwa katekista peke yake, hata kama ni mwaminifu. Afadhali hesabu ionwe na macho mengi kuliko jina la mtumishi kuingia midomoni mwa watu.

NYUMBANI

Maji yaliyo safi kisimani yaweza kuchafuka kabla hayajafika kinywani. Kwa hiyo wenye nyumba wayashike haya.

Kisima kifunikwe, na pembeni pawe na sakafu ya saruji na mfereji wa kupeleka mbali maji yaliyomwagika. Ng'ombe na mbuzi wanyweshwe mahali pengine, penye ua. Choo kisichimbwe karibu na kisima. Kiwe mbali hatua 40 au zaidi, tena upande wa chini wa mteremko. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha katika London kwamba kipindupindu kiliwapata watu waliokunywa maji ya pampu moja ya mtaani, na kisha ikaonekana ya kuwa shimo la uchafu la nyumba iliyo jirani lilivujia kisimani. Pampu ile ilisifiwa kwa maji yake mazuri. Macho na ulimi havitoshi kupima maji.

Chombo cha kutekea kioshwe ndani kila siku. Mtungi wa kunywa uwe na kifuniko, na maji yatolewe kwa kata yenye mpini mrefu, ili vidole visiingie. Maji ya mto, ya bwawa au ya kisima kisichofunikwa yachemshwe mpaka yatokote sana, yaachwe yapoe katika chombo kile kile chenye kifuniko. Kuni zikiwa haba, tumieni dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Mikono ioshwe kwa sabuni, na kama hakuna sabuni, kwa jivu, baada ya choo na kabla ya kula na kumlisha mtoto. Mtoto akiharisha msimnyime maji kwa kudhani yataongeza ugonjwa. Anayapoteza maji ya mwili, naye huweza kufa kwa ukosefu wa hayo. Mpeni maji ya dawa ya kuharisha ipatikanayo zahanati, kidogo kidogo, na mumpeleke kwa mganga upesi.

MASWALI YA JIONI

Baba au mama na awaulize watoto maswali haya baada ya sala, na kila mmoja ajibu.

1. Kwa nini Paton alichimba karibu na njia ya watu wote?
2. Kwa nini vijana waliikimbia kazi ya ndoana, lakini hawakuikimbia kazi ya mawe?
3. Kama mwalimu aliyeshika kamba angaliondoka mahali pake, ingalikuwaje?
4. Kisima chetu ni cha nani? Mara ya mwisho nyumba hii ilipeleka jiwe gani?

Swali la nne ni la wazazi. Nawasihi wasilijibu upesi. Jumamosi hii nendeni mkakitazame kisima chenu, mwone kama ua umesimama, kama mfereji u wazi, kama kifuniko kipo. Palipo na kasoro, msingoje barua ya mtu wala gari la wageni. Anzeni na jiwe moja, nanyi waalimu mtangulie kulibeba.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya jiko na moshi wake.

Nawaaga katika Bwana,
Mwalimu wenu.